Mara ya Pili Kumpeleka Chuoni

Sisi watu wa pwani neno chuo tunalitumia kwa maana mbili. Chuo ni pale mtaani, penye mkeka na ubao, mtoto anapoanzia alifu na bee. Na chuo ni kile kikubwa ambacho mtu hutoka na shahada. Binti yangu nimempeleka chuoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka mitano. Nilimshika mkono kutoka nyumbani kwetu Kibokoni hadi kwa mwalimu wake, mwendo wa dakika nne, mama yake akifuata na sinia ya bisi na halua ya kuwagawia watoto. Mara ya pili ilikuwa hivi karibuni, mwendo wa siku mbili, na mkono wake sikuushika, kwa kuwa alikuwa amebeba ndoo.

Kabla ya kuisimulia safari yenyewe, sina budi kukiri jambo. Alipopangiwa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kusomea sayansi ya kilimo, alinijia na simu mkononi akanionyesha. Nilimwambia, "Tutazungumza." Siku tisa zikapita hatujazungumza. Nilikuwa nikitafuta hoja. Kilifi kuna chuo kikuu, na papa hapa Mombasa vipo vyuo. Kwa nini aende Njoro kwenye baridi? Atakula nini? Atalala na nani chumbani? Nani atamwamsha alfajiri? Siku ya kumi, baada ya Isha, mama yake aliniwekea chai, akaketi, akaniuliza kwa upole: "Maalim, ile darsa yako ya Jumanne, kwamba kutafuta elimu ni faradhi, ilikuwa ya wana wa wenzetu?"

Sikuwa na jibu. Naye akaongeza: "Wewe ulipelekwa Lamu na miaka kumi na miwili, na baba yako hakuwa na simu ya kukuuliza umekula nini."

Ni kweli. Marehemu baba yangu alinitoa Malindi, akanivusha kwa mashua kutoka Mokowe, akaniacha Lamu miongoni mwa watu nisiowajua. Na mji ule, Msikiti wa Riyadha ulisimamishwa na Habib Swaleh, ambaye naye alikuwa mgeni kutoka Komoro. Wanafunzi wakawa wakimiminika kwake kutoka pande zote za pwani. Elimu yetu imejengwa na watu waliotoka makwao. Nilitambua usiku ule kwamba nilichokuwa nikikiita hifadhi ya binti yangu, sehemu yake kubwa ilikuwa ni hofu yangu mwenyewe. Suala la mwanamke na safari wanazuoni wamelieleza kwa urefu. Mimi niliona wajibu wangu wa kwanza ni kuwa maharimu wake njiani, si kuwa kizuizi mlangoni.

Matayarisho yakaanza. Wazazi mtakaofuata njia hii, jueni kwamba mtoto wa Mombasa hana nguo za bara. Tulikwenda Kongowea kwenye mitumba kutafuta sweta, na muuzaji akacheka: "Sheikh, sweta kwa joto hili?" Tukapata mbili nzito, soksi za sufi, na blanketi ambalo nyumbani kwetu lingemtoa mtu jasho kwa kulitazama tu. Tukafunga ndoo, karai, shuka, msala, na nakala za vyeti katika bahasha ya plastiki. Mama yake alikaanga visheti, akajaza bati zima, na kando yake chupa ya achari ya maembe. Kisha nikamwona anaingiza mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwambia, "Njoro hakuna minazi." Akaitoa, akaishika kitambo, akairudisha jikoni bila ya neno. Asubuhi ya safari hakufika kituoni. Aliagana na mwanawe mlangoni, akasema ana nguo za kuanua.

Treni yetu iliondoka Miritini asubuhi. Wanaosafiri kwa reli hii, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, wanaijua desturi yake: mizigo hupangwa mstari mmoja, nyinyi mkasimama kando, na mbwa wa polisi akapita akinusa. Mama yake alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Bati la visheti lilikuwa ndani ya mifuko miwili. Mariakani ikapita, minazi ikapungua, na baada ya Voi ikatanda Tsavo, udongo mwekundu hadi upeo wa macho. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899; kazi ya miaka mitatu sisi tuliipita kabla ya Alasiri. Binti yangu aliketi dirishani. Alipowaona ndovu aliniamsha, na kwa kitambo nikamwona tena yule wa miaka mitano.

Tulipofika Nairobi tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kasri, tukalala kwa jamaa zetu Eastleigh. Isha tuliiswali Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, nikamshukuru Mola kwamba hata katikati ya jiji lile lenye haraka mna mahali pa kuweka paji la uso.

Siku ya pili tulipanda matatu ya Nakuru, safari ya kilomita 160 hivi. Baada ya Limuru ardhi inakatika ghafla, na chini yake Bonde la Ufa limelala kama bahari iliyokauka, mlima Longonot umesimama katikati. Nimezaliwa kando ya maji na nimezoea kuona mbali. Lakini kuona mbali kutoka juu namna ile kulinifanya nitaje jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka, akatabasamu, akasema, "Amina."

Kutoka Nakuru hadi Njoro ni mwendo mfupi, na njia inapanda. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wake ni mkavu, mashamba ya ngano yamepangika kama misala, na saa sita ya mchana mtu anatafuta jua badala ya kivuli. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Egerton, kikiwa shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu; kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Inasimuliwa kwamba bwana yule hakupenda mwanamke akanyage kasri lake lililo karibu na hapo. Nililikumbuka hilo nilipokuwa katika mlolongo wa usajili, mbele yangu mabinti na nyuma yangu mabinti, kila mmoja na ndoo yake. Mwenyezi Mungu hugeuza mambo apendavyo.

Kwa ruhusa ya msimamizi wa bweni tulipandisha mizigo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kabati mbili na dirisha moja. Kitanda kimoja kilikuwa kimekwisha kutandikwa, na kando yake alisimama msichana pamoja na mama yake, watu wa Kitui, Wakristo. Mama alikuwa na leso mabegani na Biblia mkobani. Hofu yangu yote ya siku zile tisa ilinirudia pale mlangoni. Binti yangu akatangulia, akamwamkia mama yule kwa shikamoo, akafungua bati, akamkaribisha visheti.

Yule mama alikula kimoja, akanitazama, akasema: "Sheikh, mimi nilikuwa naogopa sana. Kila usiku nilikuwa nauliza Mungu, huyu mtoto wangu atawekwa na nani? Sasa nimeona msichana wako vile amejiheshimu, roho yangu imetulia."

Wasomaji wangu, nilijiinamia. Nimesafiri kutoka Mombasa nikiwa na hofu juu ya mtoto wa mtu, na mwenye mtoto amesafiri kutoka Kitui na hofu hiyohiyo juu ya wangu. Yeye aliniambia yake waziwazi. Mimi yangu niliificha. Nikamwambia kwamba nami nimetulia, na wakati ule lilikuwa neno la kweli.

Nilikuwa nimebeba dira ndogo mfukoni, nimeinunua makusudi ili nimwonyeshe upande wa kibla. Mombasa tuna wepesi: mji wetu na Makka viko karibu katika mstari mmoja, kwa hiyo tukiswali tunaelekea kaskazini takriban sawasawa. Njoro iko magharibi zaidi, na huko kaskazini peke yake haitoshi. Ni lazima kuelemea mashariki kidogo, yapata digrii 10. Niliitoa dira, nikaanza kumweleza. Akasikiliza kwa adabu hadi nilipomaliza, kisha akafungua daftari lake akanionyesha. Alikuwa ameichora Mombasa, ameichora Njoro, na mistari miwili ikikutana Makka. Tarehe aliyoandika juu ya ukurasa ilikuwa ile ya siku aliyonionyesha simu. Katika siku zile tisa ambazo mimi nilikuwa nikiuliza nani atamwamsha alfajiri, yeye alikuwa akitafuta aelekee wapi akiamka.

Niliirudisha dira mfukoni. Akasema, "Niachie, Baba. Nitaitumia." Alisema hivyo kwa kunihurumia, nami nikaipokea huruma yake.

Kabla ya Alasiri alikuja mwanafunzi mmoja aliyevaa buibui, wa mwaka wa tatu, akamchukua kumwonyesha mahali mabinti wanaposwalia. Nikajua wakati wangu umekwisha. Tulisimama chini ya mti nje ya bweni. Nilikuwa nimetayarisha nasaha ndefu tangu Voi, lakini haikuja. Nilifanya kama tulivyofundishwa kumuaga msafiri: nikamkabidhi Mwenyezi Mungu dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake. Maneno hayo nimewasomea wengi, mahujaji na mabaharia. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba anayeyasema anakiri kuwa hawezi tena kulinda yeye mwenyewe. Akanibusu mkono, akaenda na mwenziwe, nami nikatembea hadi langoni bila ya kugeuka, si kwa ushujaa.

Wazazi wenzangu, wakati wa kujiunga na vyuo ukifika, tayarisheni sweta, ndoo na vyeti, hivyo vinahitajika. Lakini jueni kwamba mzigo mkubwa mmekwisha kuufunga zamani, siku za sinia ya bisi, mlipomfundisha mtoto kuamkia wakubwa, kugawa alicho nacho, na kujua upande wa kuelekea. Kama mliufunga vyema, utafunguka wenyewe huko aendako. Kama kuna kilichopungua, haujapita wakati wa dua. Na msimnyamazie mtoto siku tisa, anahesabu.

Nilipofika nyumbani mama yake aliniuliza jambo moja tu: "Visheti?" Nikamwambia vimebaki nusu, na nusu iko Kitui. Akacheka, kisha akaingia ndani kwa haraka akiwa na shughuli zake. Alfajiri ya pili, kabla ya adhana ya msikiti wetu, simu iliwaka kando ya kitanda. Ujumbe ulikuwa wa maneno mawili: "Baba, nimeamka."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wote walio mbali, na wa wenzetu, na awarejeshe kwetu na elimu yenye manufaa. Amin.