Meli, Miwa na Mkataba wa Miaka Mingi

Nilipostaafu jeshi la wanamaji nikarudi Mumias kulima miwa, sikutaka hata kusikia mkataba wa miaka mingi ukitajwa. Habari za meli yetu, KNS Jasiri, zilikuwa bado zinaniuma. Mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 2003, ikaundwa Uhispania, malipo yakasimamishwa 2005 kandarasi za usalama za kashfa ya Anglo Leasing, huo ukiwamo, zilipochunguzwa, na meli yenyewe ikafika Mombasa 2012. Miaka 9! Baharia aliyeandikishwa akiwa kijana mbichi alikuwa tayari analipa karo.

Shamba ndilo lililonigeuza. Miwa ya kwanza huku kwetu hukaa kama miezi 18 kabla ya kukatwa, kisha visiki vilevile huchipua, ukavuna tena na tena. Kulimisha, mbegu, mbolea: pesa nyingi hutoka mwanzoni. Ukijua mnunuzi yupo hadi mavuno ya mwisho, unatia mbolea ya kutosha na unapalilia kwa moyo. Usipojua, unabahatisha.

Basi nikamwelewa mjenzi wa meli. Naye anataka kujua kwamba mwaka kesho kazi ipo, anunue chuma cha meli kadhaa kwa mpigo, asiwaachishe kazi mafundi aliowafunza. Marekani hununua nyambizi zake za aina ya Virginia kwa njia hiyo. Bunge lao huidhinisha mkataba wa hadi miaka 5, bei ikashuka, na serikali ikijitoa katikati hulipa gharama za kuuvunja.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti: kandarasi za Anglo Leasing, 18 kwa jumla, zilifichwa kwa kisingizio cha usalama wa nchi. Mlipa kodi hakujua ananunua nini wala kwa bei gani. Siri hiyo ndiyo iliyotuumiza, si wingi wa miaka, na leo nalisema hilo popote ninapopewa nafasi.

Majuzi, tukijadili mkataba wa miwa katika mkutano wa wakulima, kijana mmoja aliniambia, "Mzee, miaka yote hiyo ni kujifunga." Nikamwomba anisomee katika mkataba huo mahali palipoandikwa miwa itakatwa lini, na mkulima atalipwa nini malipo yakichelewa. Akaanza kufunua kurasa. Hapo ndipo ninapotaka wabunge wetu nao waanzie kila Wizara ya Ulinzi inapoleta ununuzi wa miaka mingi: kazi itakamilika lini, nani atalipa ikichelewa, na fedha za mwaka wa tatu zitatoka wapi.