"Umepiga Msasa?" Kijana wa Kinondoni, Babu Yake na Kifaru cha Sentimita 17

Wadau, kuna jamaa mmoja Kinondoni, mitaa ya Mkwajuni. Ana miaka 23. Mchana anatengeneza simu kwenye kibanda cha watu, usiku anajifungia chumbani na kifaru. Sio mnyama jamani, kifaru cha vita, kile kidogo cha kuunganisha mwenyewe, ambacho kila sentimita 35 za kifaru halisi zinageuka sentimita moja. Bodi lote lina sentimita 17 hivi.

Mtaani wanamcheka. "Mtu mzima na ndevu zake anachezea midoli!" Mpenzi wake naye alimuuliza mara moja tu: "Hiyo inalipa?" Jamaa akakaa kimya. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa halisemeki.

Kifaru chenyewe ni Type 59, cha Mchina, aina ile ambayo JWTZ ilikwenda nayo Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Na babu yake alikuwepo kwenye vita hiyo. Hakuwa mpiga mzinga, alikuwa fundi wa karakana, kazi yake kuziba rejeta za malori. Babu huyo na bibi ndio waliomlea jamaa. Tangu akiwa mdogo babu alikuwa anamwita "mume mwenzangu", si mnaujua ule utani wa babu na mjukuu kugombea bibi.

Utani ukaisha mwaka jana. Babu alitoa hela ya pensheni alipie chuo. Dogo akasoma muhula mmoja, akaona hapamfai, akaacha bila kumwambia mtu. Kila asubuhi anatoka na begi, kumbe anashinda kibandani anajifunza simu. Ada ya muhula wa pili akaipokea, akaila. Ilipojulikana hasomi, akasema chuo kimesimamisha kozi. Uongo juu ya uongo. Babu hakugomba hata kidogo. Aliacha tu kumwita mume mwenzangu. Ikawa shikamoo, marahaba, basi. Miezi minane.

Ndio akaagiza kifaru mtandaoni. Hesabu yake ilikuwa moja: mzee akikiona, lazima atasema neno.

Plastiki haikumsumbua, gundi inamaliza. Balaa lilikuwa kwenye vile vipande vya shaba ya njano, brasi, vyembamba kama karatasi. Kuna madigadi, kinga za taa, na vishikio vya askari kupandia, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Ukivibandika kwa supaglu, vikiguswa kidogo vinabanduka. Dawa yake ni kulehemu. Na yeye si fundi simu? Akajiona keshamaliza mchezo.

Thubutu! Alichukua kile chuma cha kulehemu chenye ncha ya sindano, cha kazi za simu. Risasi ikawa inajikunja kidonge na kudondoka. Akikazana kushikilia joto, kipande kinapinda. Akifanikiwa kuunga upande wa pili, upande wa kwanza unaachia. Wiki mbili, vipande vitatu vimeharibika, na vipuri hakuna. Moshi ukajaa nyumba mpaka bibi akaja juu: "Toka na hiyo takataka yako, kafanyie barazani, utatuua!"

Barazani ndiko babu anakokaa na redio yake.

Usiku wa kwanza mzee alitazama tu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, kidonge cha risasi kikaviringika sakafuni mpaka kwenye kandambili zake. Akapunguza sauti ya redio.

"Umepiga msasa?"

"Hapana babu. Ni mpya, inang'aa."

"Kung'aa sio usafi. Umeishika na vidole vyenye mafuta. Risasi haishiki kwenye uchafu. Itakaa juu juu, halafu itakuaibisha."

Kumbe rejeta za zamani zilikuwa za shaba na brasi, na zilizibwa kwa kulehemu. Mzee alikuwa ameifanya hiyo kazi miaka na miaka. Akaagiza msasa laini, halafu fluksi kidogo. Akamwambia aweke ile ncha ya sindano pembeni, atafute chuma kikubwa cha wati 60. Dogo akashangaa, kitu kidogo hivi? Mzee akamfafanulia: brasi inasafirisha joto haraka, kwa hiyo chuma kidogo unakishikilia muda mrefu mpaka kipande kizima kinaiva na kupinda. Kikubwa unagusa, risasi inatiririka, unatoa. Na unachochoma ni brasi, sio risasi. Risasi ya kawaida, yenye bati 60 kwa 40, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Brasi ikifika hapo, inaivuta yenyewe. Kiungo cha kwanza kifunike na kitambaa kibichi ndipo uunge cha pili, na kipande kibane na kibanio cha nguo cha mbao, maana mbao hainyonyi joto. Ukimaliza, nawa mikono, risasi ni sumu.

Digadi la kwanza likashika. Mzee akalipapasa kwa ukucha, halikutikisika. Akasema kwenye vifaru halisi madigadi hayo yalikuwa yanarudi yamekunjamana, na kwamba kuna dereva mmoja wa lori aliyeletewa rejeta yake karakanani lakini mwenyewe hakurudi. Hapo akanyamaza.

Dogo akaweka chuma chini.

"Babu, chuo hakikusimamisha kozi. Niliacha mwenyewe. Na ile ada ya pili niliila."

Redio ikaimba peke yake pale. Mzee akajikuna shingo.

"Najua. Walinipigia simu mwezi ule ule."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikuseme kwa kitu ambacho hujakubali mwenyewe? Ingekaa juu juu."

Hela haijarudi yote. Kila mwisho wa mwezi dogo anampelekea bibi kiasi alichopata, na bibi anaandika kwenye daftari. Kifaru nacho bado hakijaisha, kuna kishikio kimoja kinasumbua. Lakini usiku ule, kabla ya kuongeza sauti ya redio, mzee alinyoosha mkono.

"Haya mume mwenzangu, lete kipande kingine."