Rudi Kliniki, Mwanangu

Ipogolo, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mahindi ya Kilolo yameshaingia ndani, bibi yako mdogo anakohoa kwa hii baridi, na mwanao hapa kwangu anasoma vizuri, muhula huu amekuwa wa tatu darasani.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno aliyoniletea mdogo wako alipopita hapa akienda Dar. Anasema tangu mwezi wa pili hujakanyaga kliniki. Vidonge vya presha unameza siku ukikumbuka. Na kuna mama anayezungusha chai ya kupunguza mwili pale sokoni kwenu Mwanjelwa, Mbeya, umeshanunua kopo la pili. Nikamwuliza, kliniki imekukosea nini? Akasema, "Dada anasema moyo umekataa. Akipata moyo ataanza."

Neno hilo, mwanangu, limeninyima usingizi.

Habari ya mizani nayo alinieleza. Kwamba mshale ulifika mwisho, na mhudumu akakuambia mbele ya foleni nzima uende ukapimwe na magunia. Ukatoka bila kumwona daktari. Jioni, soko lilipopungua watu, ukapanda mwenyewe kwenye mizani unayopimia mchele wa Kyela, ikasoma 134. Naona jinsi ulivyosimama pale peke yako na turubai limeshafunikwa. Yule aliyekutamkia vile hakuwa na adabu wala hakufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Lakini kliniki si mali yake. Presha ni yako, magoti ni yako, na watoto ni wako.

Sasa hilo la kusubiri moyo. Moyo wa kufanya jambo gumu hauji kwanza. Unakuja baadaye, mtu akishaanza kuona kitu kimebadilika: amepanda ngazi bila kutweta, pete imelegea, daktari ameandika namba ndogo kuliko ya mwezi uliopita. Ukikaa nyumbani kwako Nzovwe unausubiri, utazeeka unausubiri. Na usijiite mvivu kwa sababu uliwahi kupungua kisha kilo zikarudi. Mwili uliopungua hudai chakula zaidi kuliko mwanzo na hubana nguvu unazotumia; wauguzi wengi hawawaelezi watu jambo hili, kwa hiyo kilo zikirudi mtu anajiona ameshindwa tabia. Hukushindwa tabia. Uliachwa bila mtu wa kukushika mkono katika miezi iliyokuwa migumu zaidi.

Nikueleze habari za shangazi yako mdogo, maana wewe ulikuwa mtoto na wakubwa walikuficha. Alikuwa mnene kama wewe, mwenye kicheko, na sukari yake ilipanda mapema. Mwaka 1999 daktari akamwambia apungue. Akafuata. Aliacha ulanzi, aliacha soda, na kila alfajiri alitembea kutoka Kihesa hadi mjini na kurudi. Mwaka haujaisha, sketi zake zote zikawa zinashonwa upya. Sukari ikashuka. Mimi nilifurahi mno.

Lakini unakumbuka Iringa ya miaka ile ilivyokuwa. Tulikuwa tunazika kila wiki. Dawa za bure za UKIMWI zilikuwa bado, zilianza kutolewa nchini 2004. Mtu akikonda, watu walikuwa wameshamaliza hukumu: amekanyaga miwaya. Shangazi yako akaanza kuona wenzake wa jumuiya wanakaa mbali naye. Msibani akipokea sahani kusaidia kugawa chakula, mtu anamwambia, "Pumzika tu, mama." Ndugu wa mumewe wakaitisha kikao. Akaenda kupima, akakutwa hana kitu, akapewa karatasi. Karatasi ile aliifunga kwenye pindo la kanga na kutembea nayo. Nimeiona kwa macho yangu, imekunjwa mara nne, wino umefifia kwa jasho, na kila alipomwonyesha mtu aliambiwa hizo karatasi siku hizi zinanunuliwa.

Basi akaanza kula. Hakula kwa njaa, alikula ili watu wamwone. Uji wa karanga asubuhi, chapati saa nne, wali usiku. Ndani ya miezi michache mashavu yakarudi, na wale wale waliomkwepa wakamwambia, "Umependeza, mama, sasa umerudi." Mume akatulia. Kliniki hakurudi tena, kwa sababu kila akirudi angeambiwa apungue. Kidonda cha mguuni kilimwanza kwa kiatu kilichombana, akakidharau. Mguu ukakatwa juu ya goti. Tulimzika mwaka uliofuata, na wanajumuiya walijaa.

Yule hakukosa moyo, mwanangu. Moyo alikuwa nao kuliko sisi sote. Macho ya watu ndiyo yaliyommaliza, kwanza kwa kumwona mwembamba, baadaye kwa kumsifu unene. Wewe leo yanakufukuza kliniki kwa sababu ni mnene. Ukipungua kilo kumi yatakuuliza unaumwa nini. Macho hayana pazia; hutayaziba, na huwezi kuyapa mwili wako yauendeshe.

Nami sijasahau wakwe zako walipokuja kutoa mahari, wakasema mbele yangu binti yetu ni mkavu, alishwe vizuri kabla ya harusi. Baba yako alicheka nao. Mimi sikucheka. Hofu yao ina chanzo: mkoa wetu huu unaolisha wengine, utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watu waliozoea kuogopa kukonda wanamwita mnene mwenye afya hata akiwa hawezi kuvuka barabara. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyomzika mdogo wangu.

Kuhusu chai, iache leo. Nyingi ya chai hizo ni majani ya sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kilo unazoona zimepungua ni maji, na ukinywa maji zinarudi, huku figo na moyo vikiumia, tena kwa mtu wa presha. Nyingine zimekutwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani tangu 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Yule mama sokoni hajui kilichomo kwenye kopo, na wewe hujui.

Mdogo wako anasema pia unaulizia puto la Mloganzila. Hilo si uzushi. Hospitalini Muhimbili Mloganzila walianza kuwawekea watu puto tumboni mwaka 2022, likikaa kwa miezi kisha linatolewa. Mimi silipingi. Ila anayekupima na kusema unafaa au hufai ni daktari, na likishatolewa unabaki na sahani yako ile ile. Njia ya kwenda huko nayo inaanzia kliniki.

Usijiwekee kichwani kilo sitini za kuondoa. Hesabu hiyo inamvunja mtu kabla hajaanza. Kilo 7 kati ya 134 zinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Na kama mizani inakutia uchungu, chukua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno mara moja kwa mwezi, andika nyuma ya daftari la madeni.

Kutembea, anza na kinachowezekana kwa magoti yako: kutoka mlangoni hadi barabara ya lami, upumzike, urudi. Magoti yakizoea, shuka daladala Mafiati, umalizie kwa miguu hadi Mwanjelwa. Mimi nina miaka 71 na bado napanda kutoka Ipogolo hadi mjini kwa miguu, vijana wananipita wamebebwa na bodaboda.

Soda acha kabisa. Chupa moja ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Wali usiuache, ni biashara yako na ni chakula chako, ila nusu ya sahani iwe mnafu, chainizi au majani ya maboga, na maharage yaje kabla ya wali. Usishinde njaa sokoni kisha ukala usiku wote. Mumeo asikuletee chipsi kama zawadi, mwambie nimesema mimi. Dawa za presha usiziruke hata siku unayojisikia mzima.

Lakini yote haya yanaweza kungoja, kliniki haiwezi. Kama hutaki kurudi pale walipokutukana, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Waombe mizani inayofika kilo 200, na waombe faragha; ni haki yako, huombi hisani. Uwaulize pia habari ya sukari, maana iko katika damu yetu na sijasikia kwamba umepimwa.

Hutakwenda peke yako. Nimeshazungumza na jirani atakayebaki na mtoto. Chukua tarehe ya kliniki wiki hii, unipigie Jumapili baada ya ibada uniambie ni lini, nami nitapanda basi la asubuhi siku moja kabla yake. Tutakaa foleni pamoja, na atakayefungua mdomo vibaya atajibiwa na mimi.

Wasalimie watoto na baba yao.

Ni mimi shangazi yako.