Mchagua Jembe si Mkulima? Fikiri Tena Unaponunua Kibodi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Waliwalenga wale wavivu ambao kila wakiitwa shambani huanza kulalamika, mara mpini ni mfupi, mara jembe ni butu. Sina ugomvi na wahenga. Lakini, mpenzi msomaji, mkulima anayelishika jembe hilo hilo tangu macheo hadi machweo, mwaka nenda mwaka rudi, ana haki ya kuuliza mpini umechongwa kwa mti gani. Malengelenge yatakuwa yake, hayatakuwa ya aliyemuuzia.

Nazungumzia jembe la wengi wetu tunaoishi mjini siku hizi, yaani kibodi na kipanya. Na leo nawaambia hasa nyinyi wenye kompyuta za Mac zinazoundwa na kampuni ya Apple. Kompyuta hizi zimeingia majumbani kwa njia nyingi. Kuna mwanafunzi aliyeletewa laptopu kuukuu na shangazi yake aliye ng'ambo, na vitufe vyake viwili vimekufa. Kuna familia iliyojinyima ikanunua Mac mini, kile kisanduku kidogo kinachokaa mezani. Steve Jobs alipoionyesha Mac mini kwa mara ya kwanza Januari 2005 bei yake ilikuwa dola 499, na unafuu huo ulikuwa na sababu: ndani ya boksi hamkuwa na skrini, wala kibodi, wala kipanya. Hata leo huuzwa vivyo hivyo. Basi swali huja lenyewe. Ununue vifaa vya Apple ama vya kampuni nyingine?

Kwangu mimi swali hili si la mchezo. Kazi yangu ni kufasiri. Nayatia maneno ya watu wengine katika Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, na vidole hivi kumi ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Miaka michache iliyopita kiganja changu cha kulia kilianza kufa ganzi usiku. Nikawa naamka nikiutikisa mkono kama mtu anayekung'uta maji. Mtaalamu wa viungo niliyemwendea hakuanza na dawa. Aliniuliza meza yangu ina kimo gani na nafanya kazi saa ngapi bila kupumzika, kisha akataka nimwonyeshe ninavyokishika kipanya changu, ambacho kilikuwa kile kidogo cha kubeba safarini. Nilipovikunja vidole akatikisa kichwa. "Mzee, mkono wako ni mkubwa kuliko kifaa hicho," akasema. "Kiganja kinaning'inia, na kifundo ndicho kinachobeba mzigo wote." Tangu siku hiyo, kila ninapoingia duka la kompyuta, mkono wangu ndio unaotangulia kuuliza maswali.

Kwanza tuelewe tulikotoka. Mac ya kwanza ilitolewa Januari 1984. Kipanya chake kilikuwa na kitufe kimoja tu, na kibodi yake haikuwa na vile vitufe vya mishale, makusudi ili watu wazoee kutumia kipanya. Kwa miaka mingi vifaa vya Mac vilikuwa na plagi zao za pekee zisizoingia katika kompyuta nyingine. Mambo yalibadilika mwaka 1998 ilipotoka iMac yenye tundu za USB, zile zile zilizokuwa zikianza kuenea kwenye kompyuta za kila aina. Iliandamana na kipanya cha mviringo kama kisosi, ambacho wengi walikilalamikia kwa kuwa mtu hakuweza kujua kwa kupapasa ni wapi mbele na wapi nyuma. Mwaka 2000 kikabadilishwa. Lakini mlango wa USB ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na tangu hapo karibu kibodi au kipanya chochote cha USB kikichomekwa kwenye Mac kitafanya kazi. Iwapo kitafanya kazi vizuri, hilo ni jambo la kuchunguza.

Kusema haki, vifaa vya Apple vyenyewe vimeundwa kwa ustadi. Ukitaka kibodi inayoifungua Mac yako kwa alama ya kidole, huna budi kununua yao, na hata hiyo inataka Mac yenye chipu ya Apple, ambazo zilianza kutoka mwishoni mwa 2020. Ilipoanza kuuzwa peke yake mwaka 2021, ile yenye alama ya kidole pamoja na safu ya tarakimu ilikuwa dola 179 kule Marekani, kabla ya nauli na ushuru wa kuileta kwetu. Nacho kipanya chao, Magic Mouse, kinapendeza macho, ila ni bapa kama samaki aliyekaushwa. Tangu toleo la 2015 tundu yake ya kuchajia iko tumboni. Walipobadilisha aina ya tundu hiyo mwaka 2024, waliiacha pale pale. Kwa hivyo kikiishiwa na nguvu, hulala chali kama mende aliyepuliziwa dawa, nawe ukingoja. Mwenye kiganja chembamba huenda akakipenda. Mwenye kiganja kama changu atafute kwingine.

Ukiamua kununua kibodi ya kampuni nyingine, jambo la kwanza la kutazama ni vitufe vilivyo kando ya kile kirefu cha kuachia nafasi. Kwenye kibodi ya Mac kitufe cha Command ndicho kinachopakana nacho, kisha Option, halafu Control. Kwenye kibodi iliyotengenezewa Windows kinachopakana nacho ni Alt, kisha kile chenye nembo ya Windows, halafu Ctrl. Ukiichomeka kibodi hiyo kwenye Mac, kitufe cha Windows hugeuka kuwa Command na Alt ikawa Option. Sasa kidole gumba kilichozoea kunakili na kubandika kinagusa kitufe kisicho chake, na mambo yasiyotarajiwa yanatokea kwenye skrini.

Dawa ipo. Katika mipangilio ya kibodi kuna mahali pa kubadilishana vitufe hivyo, na Mac huikumbuka kila kibodi na mpango wake. Binti yangu aliye chuoni alifanya hivyo kwa dakika moja akaona yamekwisha. Mama yake alipoketi kuandika hesabu za chama chao, akaja juu. "Kimeandikwa Alt, na mimi nataka kiwe Alt," akasema. Hatukubishana naye. Kompyuta inayotumiwa na nyumba nzima inafaa iwe na kibodi isemayo kweli. Ndiyo sababu nakuhimiza utafute iliyoandikwa majina ya Mac, au yenye majina yote mawili.

Jambo la pili ni mpangilio wa alama. Madukani utakuta kibodi za Kiingereza na za Kimarekani zimelazwa rafu moja, na muuzaji mwenyewe huenda asijue tofauti. Tazama kitufe cha Enter. Kikiwa kirefu kushuka chini, aghalabu hiyo ni ya Kiingereza. Kikiwa bapa, ni ya Kimarekani. Ukiunganisha kibodi ngeni ya waya, Mac inaweza kukuomba ubonyeze kitufe kilicho kando ya Shift ya kushoto ili itambue umbo lake. Bado ni juu yako kuchagua mpangilio wa alama. Kibodi ya Kiingereza iliyoundiwa Windows ina alama ya @ karibu na Enter, ilhali ile ya Kiingereza ya Apple inayo juu ya 2. Ndiyo maana katika orodha ya Mac utakuta mpangilio wa British na mwingine wa British – PC. Ukikosea hapo, utabonyeza @ upate alama za kufungua usemi, na barua pepe ya kuomba kazi haitafika.

Nasi waandishi wa Kiswahili tuna mtihani wetu. Andika "ng'ombe wa ng'ambo wanang'ang'ania" mara tatu bila kutazama vidole. Kibodi ndogo za kubeba mkobani mara nyingi hupunguza upana wa vitufe vya upande wa kulia, na hapo ndipo ilipo ile alama ya juu tunayoihitaji kila mara. Kidole kidogo kikikosea mara tatu katika sentensi moja, irudishe kibodi hiyo rafuni.

Jambo la tatu ni jinsi ya kuunganisha. Kibodi nyingi za waya bado zina plagi pana ya USB ya zamani. MacBook Air zote tangu 2018 zina tundu nyembamba za USB-C tu, na Mac mini iliyotoka mwishoni mwa 2024 iko hivyo hivyo. Ukinunua kibodi ya waya, uliza adapta papo hapo kabla hujalipa. Zisizo na waya, zinazotumia Bluetooth, hazihitaji tundu. Kibodi kama Logitech K380 hutumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zinazouzwa kwenye kioski, na inaweza kukumbuka vyombo vitatu, yaani kompyuta, simu na tableti.

Hata hivyo, mwenye Mac ya mezani asikose kibodi moja ya waya kabatini, hata iwe ya bei ya chini. Mac ambayo data yake imefungwa kwa FileVault huomba nywila mara tu inapowashwa, na kuna kibodi za Bluetooth ambazo huchelewa kushikana nayo katika hatua hiyo. Stima ikikatika na kurudi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, utashukuru kuwa na waya.

Tuje kwa kipanya. Mac ya leo inakielewa vizuri kipanya cha vitufe viwili na gurudumu. Kitakachokushangaza ni mwendo wa gurudumu, kwa maana tangu 2011 Apple iligeuza mwelekeo wake ili ufuate kidole. Unaweza kuurudisha katika mipangilio, lakini ukiubadilisha kwa kipanya, unabadilika pia kwenye kibao cha kugusa cha laptopu. Navyo vile vitufe vya ubavuni aghalabu hukaa kimya hadi uweke programu ya aliyekiunda. Kwa hivyo soma nyuma ya boksi. Kama imetajwa Windows peke yake, jua utalipia vitufe ambavyo huenda usivitumie.

Juu ya yote, umbo. Kitindamimba wetu hutumia mkono wa kushoto, na vipanya vingi vya fahari vimechongwa kwa mkono wa kulia tu. Yeye alipata kilicho sawa pande zote mbili. Mimi nilichagua kinachosimama wima, ambacho mkono hukaa kama unampa mtu salamu. Wengine hupenda chenye tufe juu, kama vinavyoundwa na Kensington, kwa kuwa tufe huzungushwa kwa vidole na mkono ukatulia. Sidai kwamba kipanya kimeniponya. Nilipandisha kiti na kuanza kupumzika kila baada ya muda, na ganzi ikapungua. Ila najua kwamba nikikishika kile kidogo kwa siku mbili, usiku wa tatu naamka.

Kuhusu majina, Logitech, ambayo kwa sadfa ilianzishwa mwaka 1981 katika kijiji kiitwacho Apples nchini Uswisi, ina vifaa vilivyoandikwa wazi kwamba ni vya Mac. Keychron nayo hutengeneza kibodi za springi ambazo nyingi zina swichi ya kuchagua Mac au Windows. Vitufe vyake vina mguso mtamu, lakini baadhi hupiga kelele, na katika nyumba ya vyumba viwili kelele hizo za saa sita usiku zitakukosanisha na watu. Jina pekee lisikutoshe. Dai risiti na waranti, kwa kuwa boksi lenye nembo nzuri si ushahidi wa kilichomo.

Pengine pesa ni chache na huwezi kununua vyote. Basi anza na kile kinachokuumiza. Mwenye laptopu ambaye shingo humuuma, aiinue juu ya vitabu hadi skrini ilingane na macho, kisha anunue kibodi ya kawaida na kipanya cha kumfaa. Mwenye kifundo kinachouma aanze na kipanya. Wa vitufe vilivyokufa, kibodi ya nje itamvusha muhula bila kugharimia matengenezo makubwa.

Ukifika dukani usione haya. Omba kifaa kitolewe ndani ya boksi, kichomekwe kwenye Mac, nawe uketi uandike barua nzima. Muuzaji akinuna, mwache anune. Yeye atafunga duka jioni aende zake, nawe ndiwe utakayelala na mkono huo.