Maelezo ya Programu

Fundi aliyetunga programu ya kuandikisha vitabu vinavyoazimwa katika maktaba yetu aliondoka bila kuacha maandishi yoyote. Kila ilipokwama, tulikuwa kama watu wapapasao ukuta gizani. Basi nikaazimia kuiandikia maelezo, na chombo nilichochagua ni Sphinx, kilichotungwa na Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008, hapo kwanza kwa ajili ya maelezo ya Python, lugha ya kuandikia programu.

Kukiweka katika kompyuta si kazi kubwa. Python hutangulia, amri moja huleta Sphinx, na nyingine huuliza maswali machache: jina la kazi, mwandishi, toleo, lugha. Majibu hutunzwa katika faili iitwayo conf.py. Shughuli hasa imo katika uandishi, maana chombo hiki ni kikali kama mwalimu wa hati: mstari wa chini ya kichwa ukiwa mfupi kuliko kichwa chenyewe, hunung'unika.

Lakini onyo nililolipenda ni jingine. Ukurasa usiotiwa katika orodha ya yaliyomo hautupwi; hutengenezwa kama wenzake, ila Sphinx hutangaza kuwa haumo katika orodha yoyote. Ukurasa upo, njia ya kuufikia haipo. Nilimwaza mtunza maktaba ajaye, nisiyemjua wala yeye hatanijua, akitafuta kwa wasiwasi namna ya kurudisha kumbukumbu zilizopotea. Jioni ile niliuhamisha ukurasa huo ukawa wa kwanza, mbele hata ya utangulizi wenye jina langu.