Mteja ni Bibi

Mwaka juzi niliandika hati ya kuuza shamba la bibi yangu, mzaa baba. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima, na watu wengi huniletea barua zao niwaandikie. Baba mdogo alikuwa na haja ya fedha. Alisema, "Mama amezeeka, anasahau. Sisi ndio tutakaomsemea." Nami niliona ni sawa.

Tulitoka Muheza tukampeleka bibi kwa wakili, Tanga mjini. Gari lilichelewa. Tulifika saa saba mchana, bibi amechoka. Nilibeba na wino wa kumpigisha dole gumba.

Wakili alikuwa mama wa makamo. Aliniuliza, "Ndugu mwalimu, mteja wangu ni nani?"

Nikajibu, "Sisi sote."

"Hapana. Shamba ni la huyu mama. Mteja ni yeye. Ninyi nisubirini nje."

Tulikaa kwenye benchi. Baba mdogo alinung'unika, maana mlipaji alikuwa yeye. Tulipoitwa, bibi aliniita kwa jina la marehemu babu. Nikacheka. Nilisema ni utani tu, bibi huwaita wajukuu waume zake. Wakili hakucheka. Bibi hakukumbuka bei wala ukubwa wa shamba.

"Kama hana akili timamu, basi tuuze sisi wanawe," alisema baba mdogo.

Wakili alimweleza polepole. Sheria ya Mikataba inataka mtu anayefanya mapatano awe na akili timamu. Maana yake aelewe anachokubali, na aweze kupima faida na hasara yake. Lakini mtu ambaye akili yake huja na kupotea anaweza kufanya mapatano wakati akili imetulia. Uzee peke yake haumwondolei haki hiyo. "Bibi huwa mzima saa ngapi?" aliuliza.

Nilisema asubuhi, akishakunywa chai. Tukalala kwa shangazi.

Kesho yake saa mbili wakili alizungumza na bibi peke yao, muda mrefu. Kisha bibi alituambia mwenyewe: atauza sehemu ya bondeni yenye michungwa. Ya juu hauzi, babu amezikwa huko. Hati yangu ilikuwa inauza shamba lote! Niliona haya. Sikuwa nimemwuliza bibi hata swali moja. Baba mdogo alitaka kujua walizungumza nini kingine. Wakili alisema hiyo ni siri ya mteja.

Aliandika hati mpya, akamsomea bibi mara mbili. Alituambia pia tuipeleke kwanza kwa halmashauri ya kijiji. Nikatoa wino wangu. Bibi aliusogeza kando, akaomba kalamu. Kumbe alisoma darasa la watu wazima miaka ya 1970, na mimi mwalimu sikujua. Aliandika jina lake. Aliruka herufi moja, akarudi, akaipachika juu. Wakili alimngoja.