Bahasha Moja, Stempu za Nchi Mbili

Mama wenzangu, wengi mnaniuliza kwa nini mwalimu anakusanya picha za barua za zamani. Barua zenyewe bei yake inanishinda, basi nabandika picha zake katika daftari.

Ninazozipenda zaidi zilitoka Cairo kwenda Ufaransa kati ya 1866 na 1875. Bahasha moja ina stempu za nchi mbili: ya Misri ililipa njia mpaka Alexandria, na ya Ufaransa ililipa safari ya baharini. Pale Alexandria Wafaransa walikuwa na posta yao, na muhuri wao ulikuwa na namba 5080. Mwaka 1874 nchi kadhaa zilipatana kule Bern, na baadaye stempu ya nchi inakotoka barua ikatosha.

Ukibandua stempu, habari hizo zote zinapotea. Unabaki na kijikaratasi tu.

Ndiyo maana niliwakataza wanangu kukata stempu za barua ambazo marehemu baba mkwe alimwandikia mama mkwe alipokuwa kazini mbali. Mama hajui kusoma. Siku ndugu waliposema kwamba mume wake alimsahau, tulipanga bahasha kumi na moja kwenye mkeka, tukifuata tarehe za mihuri. Hakuna mwaka uliokosa barua. Mama alizigusa moja moja kwa kidole, na ndugu wakanyamaza.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kuwapa watoto makasi, fungueni kwanza masanduku yenu, mtazame mihuri.